Ndoo za Nyuma ya Jiko

Nilikuwa nimeshika sufuria ya samaki nilipomwona Damaris, mke wa shemeji yangu mkubwa, akiinama nyuma ya jiko. Aliondoa sinia letu la ugali juu ya ndoo, akalipangusa kwa upindo wa leso yake, mara moja mbele, mara moja nyuma, akaninyooshea. "Haya, Nyar Suna," aliniita, binti wa Suna, kwa jina la kwetu, "pakulia hapa. Wazee wana njaa." Ilikuwa Sabato mchana, na ndoo ile haikuwa ya maji. Ilikuwa ya choo, tena ya tangu Ijumaa, maana Sabato kazi haifanywi, na kumwaga ndoo ni kazi. Zilikuwa nne zimejipanga pale ukutani. Tatu zilikuwa na mifuniko. Ya nne mfuniko wake ulipotea, basi huyu mwanamke aliyekuwa akienda kanisani na glavu nyeupe akaona afadhali aifunike kwa sinia ambamo familia nzima ingetia mikono. Nikalitazama. Inzi wa kijani alikuwa ametua katikati, mahali hasa ninapogeuzia ugali, akisugua miguu yake kama mtu anayesubiri kukaribishwa. Ndani walikuwa wanaimba wimbo wa kumshukuru Mungu kwa chakula. Mtoto wangu Akinyi, ambaye hata miaka miwili alikuwa hajafika, alikuwa mgongoni mwangu, mwepesi kama kapu tupu. Kitu fulani ndani yangu kikakatika, na mpaka leo hakijaunganika.

Nayakumbuka haya kwa sababu ya barua ya Beryl, binti wa Damaris, ambaye sasa naye ni nyanya. Anataka tukutane sote pale ziwani mwezi wa kumi na mbili, kwenye ile nyumba, au kilichobaki chake, na kila mmoja alete kumbukumbu tamu ya kusomewa vijana. Ameandika kwamba paa limekwisha, madirisha yamebebwa, mbuzi wanalala kwenye chumba cha kulia. Halafu anauliza, kwa mwandiko wake mzuri wa ualimu: shangazi, vile vyoo vitatu vya shimo, vya mawe, vilivyosimama mbalimbali kama watu waliokosana, vilichimbwa na nani? Mbona nyumba imeanguka na vyoo vimebaki? Mimi si shangazi yake, ni mke wa baba yake mdogo, lakini ameuliza vizuri. Tamu sina. Nina hii, na akitaka aisome mbele ya watu kabla hawajala.

Ulikuwa mwaka wa pili baada ya Uhuru. Nyumba ilijengwa na mzungu mmoja wa kutoka Wales, aliyefanya kazi ya mitambo ya pamba na akaipenda pwani ya ziwa, nje kidogo ya Homa Bay. Watu walisema aliijenga kwa kuiga nyumba ya likizo ya baba yake huko kwao, karibu na bahari: kuta nene za mawe zilizopakwa chokaa, madirisha madogo kana kwamba nje kuna baridi, na mahali pa moto sebuleni. Mahali pa moto, Homa Bay! Alipoondoka kurudi kwao, shemeji yangu Shadrack, aliyekuwa na kazi kubwa Nairobi, akaichukua. Mume wangu Okoth, mdogo wake, hakuwa na kazi, kwa hiyo tukapewa chumba cha nyuma, kile cha mpishi, ili tuitunze nyumba wakati wenyewe hawapo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Nilikuwa mmoja wa wasichana watatu wa upande wetu wa Migori waliofika huko, na nilijua mzunguko wa damu na majina ya mito ya Ulaya. Nilipoingia mara ya kwanza nikaona sebule ile, na rafu za vitabu ambavyo mzungu hakuvibeba, nilifikiri nimefika. Sitaki kudanganya. Niliipenda.

Na choo kilikuwa ndani. Hilo ndilo lililomfanya Shadrack avimbe. Kilikuwa kati ya sebule na chumba cha kulala, ukuta wake wa mbao, kimekaa pale cheupe kama jino. Wageni wakija kutoka mjini, kabla hawajapewa hata chai, alikuwa anawapeleka kukiona. Walisimama mlangoni kofia mkononi. Shadrack alivuta mnyororo, maji yakanguruma, wageni wakasema "Aaah!", naye akafunga mlango akawarudisha sebuleni. Ndiyo kazi pekee ambayo choo kile kiliifanya mwaka mzima, kuonyeshwa.

Kwani nani angekikalia? Likizo ya kwanza Shadrack aliwaleta wote, maana alisema wazungu huenda likizo kifamilia. Alimleta Mzee, baba yake, na Mama, kutoka bomani kwao juu ya kilima. Akamleta hata mama mzazi wa Damaris kutoka Rangwe. Mama mkwe wa mtu! Kwetu mkwe hamtazami mkwewe usoni; kula chumba kimoja ni shida, kulala chini ya paa moja ni balaa, na sasa huyu bibi wa watu akaonyeshwa choo chenye ukuta wa mbao na upande wa pili mkwewe amekaa anasoma gazeti. Siku ya kwanza bibi wa Rangwe hakula wala hakunywa. Nilidhani anaumwa. Jioni akanishika mkono, akaninong'oneza, "Mwanangu, nitafutie ndoo."

Mzee naye, asubuhi yake, alisimama mbele ya mlango ule mweupe kwa muda. Alikuwa mpole, sauti yake haikupanda kamwe. "Shadrack," alisema, "mkeo na mke wa ndugu yako wanaketi hapa?"

"Ni cha watu wote, Baba. Ndiyo maendeleo."

"Mimi niketi palipoketi wake za wanangu?"

"Baba, maji yanasafisha."

"Maji yanasafisha kiti," alisema Mzee. "Mimi yatanisafisha?"

Ikawa ndoo ya pili, kisha ya tatu kwa Mama, kwa sababu mke hawezi kutumia kitu alichokikataa mumewe. Damaris akajikaza siku mbili, akisema yeye ni mtu wa Nairobi na hayo ni ya kizamani. Siku ya tatu akatoka chooni, akamkuta mkwewe, Mzee, ameketi sebuleni akitazama miguu yake mwenyewe kwa aibu, kwa sababu alikuwa amesikia kila kitu. Ikawa ndoo ya nne, ya Damaris na Shadrack. Mpaka mwisho wa likizo ile bafu la mzungu lilikuwa na magunia mawili ya omena, wale dagaa wa ziwani, na juu ya choo Mama ameweka mikungu ya ndizi iivie gizani. Ufunguo Damaris aliondoka nao. Walipokuwa hawapo, mimi na Okoth tulikwenda kuazima choo cha shule, mwendo wa dakika ishirini, na shida ikikupata njiani, hiyo ni yako.

Sasa ndoo nne zinajaa, zitabebwa na nani? Sikiliza jinsi walivyolipanga jambo hilo. Mimi ni mke wa mwana. Kwa desturi, kuiona tu ndoo ya Mzee ni mwiko mkubwa kuliko kukalia choo chake. Kwa hiyo Mama alikuwa anaitoa yeye mwenyewe chumbani, anaipitisha mlango wa nyuma, anaiweka ukutani nyuma ya jiko. Bibi wa Rangwe alifanya vivyo hivyo. Damaris vivyo hivyo, na pua ameifunika. Nilipomwambia Mama kwamba siwezi kuishika ya Mzee, alinitazama kana kwamba nimeuliza swali la kitoto. "Ikifika nyuma ya jiko," alisema, "haina mwenyewe."

Haina mwenyewe! Hatua tisa kutoka kitandani hadi ukutani, na mwiko wote umekwisha. Nilikuwa na elimu ya kidato cha nne. Nilibeba.

Mwanzoni nilifukia. Nilichukua jembe, nikachimba mashimo madogo upande wa miti, nikafukia kama paka. Shadrack akaona. Alikuja na viatu vyake vya Nairobi akasimama juu ya udongo mbichi. "Shemeji, umeniharibia nyasi. Hizi nyasi mzungu alizipanda kwa mkono." Nikamwambia basi tuchimbe choo cha shimo, kimoja, nyuma kabisa. Alicheka. "Hii ni nyumba ya likizo, si boma. Watu wanakuja kutazama ziwa, unataka watazame choo?" Okoth nilimwambia usiku na mchana achimbe mwenyewe. Okoth alikuwa mtu mzuri na nilimzika kwa machozi ya kweli, lakini mwaka ule nilimchukia. "Uwanja ni wa kaka," alikuwa anasema. "Nikichimba shimo kwenye uwanja wake kabla yake, nitakuwa nimemtangulia. Baba hatakubali." Nikamwendea Mzee, nikiwa nimesimama mbali kama inavyotakiwa, nikamwomba amwambie mwanawe. Akafikiri. "Shimo huchimbwa na mwenye uwanja," alisema, "na mwenye uwanja amekataa." Nikasema basi niruhusiwe kumwaga ndoo kwenye choo cha ndani, nivute mnyororo, kiishe. Mama akashika kifua. "Yakutane humo? Ya mkwe na ya mkwe, ya Mzee na yako?" Kila mmoja alikuwa na sababu safi. Familia yote ilikuwa safi. Mchafu alikuwa mmoja, yule mwenye kubeba.

Kwa hiyo ziwani. Damaris ndiye aliyesema, siku ya mvua nilipochelewa kurudi: "Kwani unakwenda mbali kwa nini? Peleka pale kwenye mafunjo. Ziwa ni kubwa, linajisafisha." Mafunjo yale yalikuwa upande wa kushoto wa jiwe kubwa. Upande wa kulia wa jiwe ndipo tulipoteka maji. Wenyewe walikunywa maji ya mvua kutoka kwenye tangi la mzungu, yaliyochemshwa na kutiwa kwenye chupa, kwa sababu wageni lazima wanywe maji safi. Ufunguo wa tangi nao ulikuwa Nairobi wakati mwingi. Sisi wa chumba cha nyuma, na wanawake wa nyumba saba za jirani, tulikunywa ya kwenye jiwe.

Likizo ya Pasaka ilipokwisha, Akinyi alianza kuhara. Sitaeleza, aliyelea mtoto anajua. Nilimchemshia maji, lakini kuni nazo zilikuwa za kuhesabu, na mtoto anayetambaa ufuoni hunywa kwa kiganja. Mara mbili nilimpeleka hospitali Homa Bay. Mara ya pili alikuwa amelegea, macho yamerudi ndani, ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama. Nesi alikuwa mwanamke mnene wa makamo, amechoka na wajinga. "Mama, unasoma?" aliniuliza. Nikasema nimesoma mpaka kidato cha nne. "Maji unayompa mtoto yanatoka wapi?" Nikasema ziwani. "Na choo chenu kiko wapi?" Alingoja, kalamu juu ya kadi. Mimi niliyejua mito ya Ulaya sikuweza kumwambia mgeni yule kwamba choo chetu ni mimi.

Likizo ya Agosti wakarudi, wote, na ndoo zao mpya zenye maua ambazo Damaris alizinunua Nairobi. Aliniletea zawadi ya sabuni ya kunukia. Jioni walikaa barazani wakitazama maji yanavyobadilika rangi, na nikiwa jikoni nilimsikia Shadrack akimwambia mgeni, "Hapa mtu anapumua. Hewa ni safi kabisa." Na bibi wa Rangwe, aliyegeuza kiti chake asimwone mkwewe, akaongeza akiuambia ukuta, "Hata mimi mwili umenirudi." Mwili wake ulikuwa umerudi kweli. Wa mtoto wangu ulikuwa unakwenda. Nilikuwa nakata sukumawiki na nilikata mpaka kidoleni.

Basi tufike kwenye sinia. Sikupakua. Niliweka sufuria ya samaki chini, nikachukua kwanza ile ndoo isiyo na mfuniko, ya Damaris na mumewe, nikapita nayo mlango wa jiko, nikaingia chumba cha kulia katikati ya wimbo. Niliiweka mezani mahali pa Damaris, naye anakuja nyuma yangu akiita, "We! We! Wazimu huu!" Nikarudi. Nikaleta ya bibi wa Rangwe, nikaiweka miguuni pake, na nikasema jina lake. Nikaleta ya Mama. Wimbo ulikuwa umekufa, isipokuwa Mama aliyeendelea kuimba peke yake, macho amefumba, kama anayezuia mlango. Ya nne niliiweka mbele ya Mzee. Nilikuwa nimelelewa vizuri na nilijua ninachofanya. "Zilikuwa hazina mwenyewe," nilisema. "Nimewatafuta wenyewe. Hawa hapa. Kila mmoja ale na yake."

Mzee aliinuka akatoka nje. Hakurudi kula katika nyumba ile tena maishani mwake. Bibi wa Rangwe alilia kwa sauti, amejifunika kichwa, kwa sababu mkwewe alikuwa ameona. Shadrack alikuwa na uso wa mtu aliyepigwa kofi na mtoto. Na Okoth, mume wangu, alinong'oneza tu, "Umetuua, Rebeka. Umetuua."

Jua lilipozama na Sabato ikaisha, waliketi barazani wakanihukumu. Mimi nilisimama karibu na ngazi, Akinyi mgongoni. Shadrack alisema kwa niaba ya wote. Nitaomba msamaha kwa kila mmoja, kwa kupiga magoti, kisha nitaendelea na kazi kwa adabu. Nisipotaka, Jumatatu Okoth atanisindikiza Migori kwa baba yangu. Mimi peke yangu.

"Na mtoto?" niliuliza.

"Mtoto ni wa huku," alisema Mama. Hakusema kwa ukali. Alisema kama unavyosema jua linatoka mashariki. "Mtoto hubaki kwa baba yake."

"Abaki akinywa nini, Mama?"

Damaris akaguna. "Sikiliza huyo. Watoto wote wanahara. Hata Beryl alihara akiota meno."

Niliwaambia nitafikiri. Jumapili nzima niliwabebea ndoo zao kwa kichwa kilichoinama, wakaamini nimelainika, Damaris hata aliniambia, "Unaona? Hasira ni hasara." Ndoo zilikuwa nzito kama siku zote, lakini nilikuwa nazihesabu hatua: kutoka ukutani hadi mafunjo, na kutoka mafunjo hadi jiwe. Jumatatu mapema, Akinyi mgongoni, nikasema nakwenda kuteka maji. Nikapita kwenye jiwe, nikaendelea. Kwa chifu sikwenda. Chifu alikuwa binamu yao na angewarudishia karatasi ya mashtaka kabla wino haujakauka. Nilikwenda moja kwa moja mjini, kwa Bwana Afya, mkaguzi wa usafi wa serikali. Alikuwa Mkamba, hajui Kijaluo hata cha kusalimia, na hakuwa na mkwe katika wilaya nzima. Alinitazama mimi, akamtazama Akinyi, akasema, "Siwezi kwenda kwa mtu mkubwa kwa maneno ya mdomo. Andika." Akanipa karatasi mbili na kaboni. Niliandika kwa Kiswahili ili aelewe kila neno, na nakala yangu ninayo, imefifia, lakini inasomeka. Beryl, wasomee hii, maana ndiyo iliyovichimba vyoo vile vitatu.

"Kwa Bwana Afya, Homa Bay. Mimi, Rebeka, mke wa Okoth, mkaaji wa chumba cha nyuma katika nyumba ya likizo iliyokuwa ya mzungu wa pamba, naleta mashtaka kwamba nyumba hiyo inachafua maji ya kunywa ya nyumba nane, yetu ikiwa moja. Choo cha ndani kipo, kimejaa omena na ndizi. Cha nje kimekataliwa. Uchafu wote unamwagwa kwenye mafunjo, hatua ishirini na sita kutoka jiwe tunapoteka maji. Nimezipima kwa miguu yangu. Ndoo ni nne na zina wenyewe: ya kwanza ni ya Bwana Shadrack na mkewe Damaris, ya pili ya mama mzazi wa Damaris, ya tatu ya mama mkwe wangu, na ya nne ya baba mkwe wangu, ambaye kwa heshima simtaji jina. Hawawezi kutumia choo kimoja kwa sababu za desturi, nami siombi waivunje. Naomba waamriwe kuchimba mashimo mengi kadiri ya desturi yao. Mtoto wangu Akinyi amelazwa mara mbili kwa maji hayo na nimetishiwa kumwacha hapo. Ukija usikae barazani, watakupa chai, waondoe ndizi na kukuonyesha choo kinavyonguruma. Zunguka nyuma ya jiko. Aliyemwaga ndoo zote, kila likizo, kila siku isipokuwa Sabato, ni mimi, kwa mikono yangu, nikijua. Ukianza kuandika majina ya wakosaji, langu liwe la kwanza."